Utumbo Unapogoma: Mjadala Kuhusu Mafuta ya Mshipani

Hoja iliyo mezani ni hii: kila hospitali yetu kubwa ya rufaa iwe na lishe kamili ya mshipani, pamoja na chupa ya mafuta, kwa ajili ya wagonjwa ambao utumbo wao umeshindwa kabisa kupokea chakula. Wazungumzaji wanne niliowaketisha hapa nimewatunga mimi. Hoja zao sikuzitunga. Husikika kila penye wodi ya upasuaji na kikao cha bajeti.

Nimeichagua mada hii kwa sababu ya takwimu moja. Mwaka 2021 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliokusanya taarifa kutoka hospitali 264 katika nchi 74, kuhusu watoto wanaozaliwa na kasoro za njia ya chakula. Miongoni mwa waliozaliwa matumbo yakiwa nje ya tumbo, nchi tajiri zilipoteza 1.4 kati ya kila 100. Nchi za kipato cha kati zilipoteza karibu 32. Nchi maskini zilipoteza 90. Ni kasoro ileile, na mtoto ni yuleyule. Watafiti walipochambua sababu, mojawapo ya mambo yaliyoambatana na vifo ilikuwa kukosekana kwa lishe ya mshipani. Daktari, wewe ndiye mtoa hoja.

DAKTARI: Ahsante, Mwenyekiti. Mimi ni mpasuaji wa watoto, kwa hiyo naanza na mtoto. Amezaliwa usiku, ana kilo mbili na nusu, analia vizuri, lakini pembeni ya kitovu pana tundu na matumbo yametokeza yote. Kazi ya mikono tunaiweza. Tunayahifadhi matumbo ndani ya mfuko safi, tunayarudisha kidogo kidogo kwa siku kadhaa, kisha tunafunga tundu. Ndugu wanashangilia. Lakini matumbo yaliyoelea miezi kadhaa kwenye maji ya uzazi yamevimba na kukakamaa, hayasukumi kitu. Yatachukua wiki mbili, tatu, pengine mwezi na zaidi, ndipo yaanze kupokea maziwa ya mama. Muda wote huo mtoto anakula nini? Upasuaji wangu umekwenda vizuri, na bado namwona anapungua siku hadi siku.

MZEE WA BODI: Niruhusu nikukatishe, daktari wangu. Mimi si mtu wa tiba, nimewekwa kwenye bodi niangalie fedha za wananchi. Nikipita wodini naona dripu kila kitanda. Kwetu, mgonjwa akishatundikiwa chupa ndugu hupumua, wakasema maadamu amepata dripu, amekula. Sasa unaponiambia mtoto ana njaa huku chupa inaning'inia juu yake, unanichanganya.

DAKTARI: Umeuliza swali la msingi, Mzee wetu. Lita moja ya dekstrosi ya asilimia 5 ina gramu 50 za sukari. Nguvu yake ni kilokalori 170. Mtu mzima wa kilo 60 aliyelala kitandani anahitaji kama 1,500 kwa siku. Ili azipate kwa chupa hiyo, tungemmiminia karibu lita tisa, na maji hayo yangemuua kabla njaa haijamfikia. Tukiifanya sukari kuwa nzito sana, mshipa mdogo wa mkono unaungua na kuziba. Dripu ile inatoa maji na kuzuia sukari ya damu isishuke. Chakula haijawa.

Rudi kwa mtoto wangu wa kilo mbili na nusu. Nikimpa dekstrosi ya asilimia 10, mililita 375 kwa siku, anapata kilokalori kama 127. Anahitaji zipatazo 225. Hapo hajapata protini hata chembe, wala mafuta ambayo mwili hauwezi kujitengenezea. Sasa mpe mafuta ya asilimia 20, gramu 3 kwa kila kilo. Hizo ni mililita 37 na nusu kwa siku nzima, hazijai vijiko vitatu vya chakula, na zinamwongezea kilokalori 75. Ongeza asidi za amino, na hesabu inakaribia kutimia. Tena mafuta hayo hayaunguzi mshipa mdogo, kwa sababu msongo wake unalingana na wa damu. Ndiyo maana nayaomba: yanabeba nguvu nyingi ndani ya maji machache, kupitia mshipa nilio nao.

MZEE WA BODI: Mafuta ndani ya damu! Sisi tunaambiwa mafuta yakiziba mshipa mtu anapooza.

MFAMASIA: Hofu yako ina historia, Mzee. Karne ya 17 Mwingereza William Courten aliwadunga mbwa mafuta ya zeituni kwenye mshipa, wakafa, kwa kuwa matone makubwa huziba mishipa ya mapafu. Katikati ya karne ya 19, wakati wa kipindupindu huko Toronto, daktari Edward Hodder alithubutu kuwawekea wagonjwa maziwa ya ng'ombe mshipani. Miaka mia moja baadaye Wamarekani walikuwa na chupa ya mafuta ya mbegu za pamba, jina lake Lipomul. Ilileta homa, manjano na kutokwa damu, ikaondolewa sokoni katikati ya miaka ya 1960.

Aliyefumbua fumbo ni Msweden, Arvid Wretlind. Alijaribu mafuta ya aina nyingi na vitu vingi vya kuyachanganyisha na maji, mpaka akafikia mafuta ya soya yaliyosagwa kwa mashine kuwa matone madogo mno, kila tone likizungushiwa utando wa fosfolipidi za kiini cha yai, pamoja na gliseroli kidogo ya kulinganisha msongo. Matone hayo yana ukubwa wa chini ya nusu ya elfu ya milimita, yanakaribiana na yale ambayo utumbo wenyewe huyamwaga kwenye damu baada ya mlo. Mwili unayapokea kwa njia ileile. Dawa hiyo, Intralipid, iliruhusiwa Sweden mwaka 1962.

Naomba mpishi yeyote aliye hapa anielewe kwa tui la nazi. Tui ni mafuta yaliyotawanyika ndani ya maji, na usipolikoroga kwenye moto linakatika, mafuta yanapanda juu. Chupa yetu nayo hukatika ikipata joto kali, ikigandishwa, au mtu akichomekea dawa isiyopatana nayo. Tofauti ni kwamba tui lililokatika linalika. Mafuta yaliyokatika yakiingia mshipani yanaua.

MWENYEKITI: Sista, umekuwa kimya, na wewe ndiye unayekesha na watoto hawa. Ni zamu yako kupinga.

SISTA: Napinga, na sipingi kwa ubahili. Daktari huandika dozi asubuhi, akaenda thieta. Chupa naitundika mimi, au binti wa mwaka wake wa kwanza kazini, saa nane usiku, akiwa na watoto wengi kuliko mikono yake. Mafuta yale ni chakula, na vijidudu navyo hula. Fangasi na bakteria hustawi ndani yake haraka kuliko ndani ya dekstrosi. Kanula ikikaa siku nyingi, ikaguswa na mikono isiyooshwa, umemfungulia mdudu mlango unaoishia moyoni.

Na msidhani ni tatizo la wanyonge peke yao. Mwaka 2011 katika jimbo la Alabama, Marekani, wagonjwa 19 wa hospitali kadhaa waliambukizwa bakteria aitwaye Serratia kupitia lishe ya mshipani iliyochanganywa na duka moja la dawa. Tisa walifariki. Wana maabara, wana wakaguzi, wana maji ya bomba yasiyokatika, na likawafika. Sisi je?

La pili, ushahidi. Mwaka 2011 huohuo, Wabelgiji wa Leuven walitoa matokeo ya utafiti wa EPaNIC, wagonjwa mahututi 4,640. Nusu walianzishiwa lishe ya mshipani mapema, nusu wakasubiri hadi siku ya nane. Waliosubiri walipona haraka zaidi na maambukizi yao yalikuwa machache. Mwaka 2016 wakarudia kwa watoto 1,440, na jibu likawa lilelile. Sasa daktari anataka tukimbilie kitu ambacho wenye navyo wanajifunza kukichelewesha!

La tatu, nini kinaokoa watoto wetu? Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi tano zilizoshiriki utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 2021, kuhusu watoto njiti kuwekwa kifuani kwa mama mara tu wanapozaliwa, bila kusubiri watengemae. Vifo vya siku 28 za mwanzo vilikuwa asilimia 12.0, dhidi ya 15.7 kwa waliosubirishwa. Kilichohitajika ni kifua cha mama, kitambaa, kitanda cha mama karibu na mtoto, na muuguzi wa kumwelekeza. Nipeni vitanda hivyo kwanza. Nipeni mipira ya puani na mashine za kukamulia maziwa. Utumbo unaofanya kazi ulishwe kwa njia yake.

MZEE WA BODI: Sista amenisemea moyoni. Fedha ya chupa za mtoto mmoja kwa wiki tatu ingewafaa wangapi? Nikisimama mbele ya wananchi nitasema nini?

DAKTARI: Nitaanza na Sista. Kwa njiti ambaye utumbo wake ni mzima, nakubaliana nawe kwa kila neno. Wa kwangu ni yule ambaye tone la maziwa likishuka linarudi na nyongo ya kijani. Huyo kifua cha mama kinampa joto, lakini hakimlishi.

Kuhusu Leuven, tuusome utafiti mpaka mwisho. Wale waliocheleweshwa hawakunyimwa. Walikuwa wakijaribiwa chakula cha tumboni mapema, wakipewa vitamini na madini, na ilipofika siku ya nane aliyebaki na upungufu alipewa lishe ya mshipani. Swali lao lilikuwa tuanze siku ya pili au ya nane. Kwetu mtoto akifika siku ya nane anakuta kabati tupu, na ya kumi na tano vilevile. Ukichukua utafiti wa kuchelewesha ukaufanya hoja ya kutokuwa nayo kabisa, umeupa maneno usiyoyasema.

SISTA: Lililo haki ni haki, hapo umesema kweli. Lakini usiruke jambo: miongoni mwa wagonjwa wale 4,640 walikuwamo 517 ambao tumbo lao halikuweza kulishwa kwa sababu ya upasuaji, na hata hao waliosubiri walipata maambukizi machache. Kwa hiyo usije ukaniandikia chupa siku ya kwanza kwa kila mtu mzima aliyepasuliwa tumbo.

DAKTARI: Sitaandika. Mtu mzima aliyekuwa ananawiri anaweza kuvumilia siku saba. Mtoto mchanga ana akiba ya nini? Na akinyimwa mafuta yote, dalili za upungufu wa asidi za mafuta za lazima huanza kuonekana kwenye damu yake ndani ya siku chache. Tulijua tangu mwaka 1929, George na Mildred Burr walipoonyesha kwa panya kwamba kuna mafuta ambayo mwili hauwezi kuyaunda. Lakini Lipomul ilipoondolewa, Wamarekani walilisha watu kwa sukari na protini peke yake kwa miaka kadhaa. Ngozi zikabanduka magamba, nywele zikanyonyoka, vidonda vikakataa kupona. Ilibidi waikaribishe ile ya Wretlind.

Na Mzee wetu, wananchi waambie hivi. Mwaka 1970 huko Toronto, mwanamke aliyepoteza utumbo wake alianzishiwa lishe ya mshipani na daktari Khursheed Jeejeebhoy. Aliishi nayo nyumbani kwake takriban miaka 20, akilea watoto wake. Mtoto wangu haombi miaka 20. Anaomba wiki tatu, halafu ananyonya kama wenzake na gharama inakoma. Upasuaji umeshalipwa, kitanda kimeshalipwa, mpasuaji amesomeshwa kwa kodi hiyohiyo. Tunagharimia safari nzima kisha tunamshusha mtoto kilomita moja kabla ya kufika.

MZEE WA BODI: Hilo la wiki tatu sikulijua. Lakini chupa hizi zinatoka ng'ambo. Tutazipataje, na zitakaaje kwenye maghala yetu?

MFAMASIA: Mzee, mafuta haya tayari yamo hospitalini mwako. Dawa nyeupe ya usingizi inayotumika thieta, propofol, imeyeyushwa ndani ya mafuta ya soya na fosfolipidi za yai, mchanganyiko uleule wa Wretlind, asilimia 10. Tunaagiza, tunatunza, tunadunga. Kwa hiyo njia ya kufikisha emulsheni ya mafuta hadi kitandani ipo.

Tena kuna sababu nyingine ya kuwa na chupa hata leo jioni. Dawa ya ganzi iitwayo bupivakaini, tunayoitegemea kila siku, ikiingia kwa wingi kwenye damu huweza kusimamisha moyo. Mwaka 1998 Guy Weinberg wa Chicago aligundua kwa panya kwamba mafuta ya mshipani huwakinga na sumu hiyo, na mwaka 2006 ikaripotiwa kwa mara ya kwanza kuwa mgonjwa aliyesimama moyo aliokolewa hivyo. Chupa moja ya asilimia 20 ukutani mwa thieta ni kinga ya kila anayechomwa ganzi.

Kuhusu kulisha, nina masharti. Chupa isizidi nyuzi joto 25. Ghala la pwani bila kiyoyozi halifai. Tusianze kuchanganya wenyewe. Kuna mifuko yenye vyumba vitatu, sukari, asidi za amino na mafuta, ambayo hufunguliwa ndani kwa ndani bila mkono kugusa kilichomo. Hiyo ndiyo ya kuanzia. Mpira wa dripu uwe na chujio la mikroni 1.2. Usidungwe dawa nyingine yoyote humo. Mafuta yakitundikwa peke yake, baada ya saa 12 kilichobaki kinamwagwa, hata kama roho inauma.

Na tusiwafiche wazazi kuhusu ini. Watoto wanaokaa miezi kwenye mafuta ya soya huweza kupata manjano na ini kuharibika. Boston, Kathleen Gura na Mark Puder waliwabadilishia watoto wa namna hiyo mafuta ya samaki kuanzia mwaka 2004, wengi manjano yakapungua, na Marekani ikaidhinisha mafuta hayo mwaka 2018. Kwa wiki tatu hatari hiyo ni ndogo. Kwa miezi mitatu ni kubwa, na lazima tupime.

SISTA: Basi na mimi niweke masharti yangu. Kitanda chenye chupa hiyo kisihesabiwe sawa na vingine. Muuguzi wake apunguziwe watoto. Kila usiku pawe na maabara ya kupima sukari, potasiamu, fosfeti na magnesi. Mtu aliyekaa na njaa muda mrefu ukimlisha ghafla, madini hayo hukimbilia ndani ya seli, yakaadimika kwenye damu, na moyo ukashindwa. Tusije tukamponya njaa tukamuua kwa shibe. Pawe na pampu, maana matone ya kukisia kwa jicho hayafai kwa mililita 37 za siku nzima. Na kila maambukizi ya damu yaandikwe ukutani tuyaone. Yakizidi, tunasimamisha bila kuoneana haya.

DAKTARI: Nayakubali yote.

MZEE WA BODI: Na hayo yote yakipatikana, Sista, utaitundika?

SISTA: Kwa mtoto yule aliyetajwa, ndiyo. Kwa kila anayeletwa na ndugu wakidai chupa nyeupe kwa sababu jirani ameipata, hapana. Na nataka hiyo hapana iandikwe, ili usiku nisibishane na mtu.

MWENYEKITI: Ni wajibu wa mwenyekiti kufunga, na sitafunga kwa kusema kila upande una haki yake. Nimeshawishika, na nitasema upande gani.

Sista ameshinda katika jambo la utaratibu. Chupa bila pampu, bila maabara ya usiku, bila chujio na bila muuguzi mwenye nafasi ni hatari ghali. Hospitali yoyote itakayoagiza mafuta kabla ya kuandaa vitanda vyake itakuwa imenunua msiba. Wanaopita wodini wakihesabu vifaa vipya kama maendeleo wakae na Sista usiku mmoja kwanza.

Lakini daktari ameshinda katika jambo kubwa zaidi, nalo ni la nani ana njia mbadala. Njiti mwenye utumbo mzima anao mpira wa puani na maziwa ya mama. Mtu mzima aliyepasuliwa jana ana siku saba za kusubiri. Mtoto mwenye matumbo yaliyogoma hana lolote kati ya hayo. Tunaposema tusubiri mpaka hali ya uchumi iwe nzuri, kwake tumeshatoa uamuzi, ila hatukuutia sahihi.

Kwa hiyo naitaka bodi ifanye mambo matatu kwa mpangilio huu. Kwanza, chupa ya mafuta ya asilimia 20 iwekwe thieta sasa, kwa dharura ya sumu ya ganzi. Wafanyakazi wataizoea kuishika. Pili, vitanda vichache vya watoto waliopasuliwa viandaliwe kwa masharti ya Sista na ya mfamasia, herufi kwa herufi, na wauguzi wake wafundishwe kabla mfuko wa kwanza haujaagizwa. Tatu, vikishakuwa tayari, vipokee watoto ambao utumbo wao umeshindwa, na idadi ya waliopona, waliofariki na waliopata maambukizi isomwe katika kila kikao cha bodi, mbele ya Mzee na wananchi wake.

Kati ya 1.4 na 90 kwa kila 100, lishe ya mshipani ni sababu mojawapo tu. Kuna usafiri uliochelewa, kuna baridi ya njiani, kuna mama ambaye hakupimwa kwa picha wakati wa ujauzito. Hayo nayo yana wenye kuyajibu. Hili la chupa na kitanda chake ni letu tuliomo ndani ya hospitali, linapangika katika bajeti ya mwaka mmoja, na kikao kinachofuata kitaulizwa limefikia wapi.